Saini Ndani ya Tarizi

Kama gazeti la wiki jana mlifungia maandazi, nawakumbusha upesi. Tulimwacha Wubit Dessalegn amesimama mbele ya watu sitini katika ukumbi wa chama cha wapiga picha, pale Piassa, Addis Ababa. Mkono wake uko juu ya kipanya. Ukutani, kwa mwanga wa projekta, imefunguka picha aliyoapa kuwa ndiyo ya asili, imetoka ndani ya kompyuta yake mwenyewe.

Na chini, upande wa kulia, ipo saini ya Endale Kebret, bwana wake wa zamani, ndiye anayemshtaki kwa kuiba picha hiyo.

Mmoja wa safu za nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa ukumbi mzima. Wubit alihisi masikio yanamchoma. Amekuja kumshtaki mwizi, na mfukoni mwake limetolewa jina la mwizi huyohuyo.

Endale hakucheka. Alisimama taratibu, mzee wa miaka hamsini na saba, suti ya kijivu, nywele zimechanwa vizuri, akawaomba watu wamstahi binti wa watu.

“Huyu nimemlea mimi,” alisema. “Miaka minne amekula mezani kwangu. Sina kinyongo naye. Arudishe tu kilicho changu, tukanywe kahawa.”

Upole huo ndio uliomtisha Wubit. Angetukana, angejua pa kumshikia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Waamuzi walikuwa wamempa mpaka saa tisa. Ikifika saa tisa hajathibitisha kuwa picha ni yake, kadi yake ya chama inakatwa hapohapo kwa mkasi, na katika mji ule mpiga picha asiye na kadi haruhusiwi kupita geti la kanisa wala mlango wa ukumbi wa harusi. Lakini kadi ilikuwa jambo dogo. Kesho yake mji mzima ungemwita mwizi, na jina hilo halina mkasi wa kulikata.

Picha yenyewe, iliyoletwa kwenye mashindano ya chama kwa jina la Endale, mnaikumbuka: Etete Zenebech, bibi wa miaka themanini, anasokota pamba kizingitini, amejitanda shama jeupe lenye tarizi pana nyekundu na kijani. Wiki iliyopita bibi huyo aliitwa kutoa ushahidi, na ushahidi wake haukumsaidia mtu. Wapiga picha walikuja wengi, alisema, na wote walikuwa na vyuma usoni. “Mimi niliona kamera, sura sikuiona.” Kadi ya kamera nayo ilikwishafutwa ili iingie harusi iliyofuata, kama wanavyofanya wapiga picha wote wa harusi, na kila siku huapa hawatarudia.

Basi limebaki faili. Na faili limemgeuka.

Wubit aliikodolea macho ile saini, akatafuta mahali popote palipokosewa. Akapaona. Chini ya jina palikuwa na mwaka, 2014. Sasa ni mwezi wa Ter, mwaka 2016, kwa kalenda ya Ethiopia isiyo na haraka na mtu. Picha aliipiga mwezi wa Hidar, miezi miwili tu iliyopita. Muhuri wa 2014 ulifikaje juu ya picha ya 2016?

Ndipo alipojitazama kidole.

Katika studio ya Endale kulikuwa na amri moja iliyorekodiwa ndani ya programu ya picha. Ukimaliza kusafisha picha unabonyeza kitufe cha F9. Programu inaikaza picha, inayashindilia matabaka yote ya picha, yaliyopangwa moja juu ya jingine, kuwa tabaka moja, inagonga saini ya bwana pembeni, inahifadhi juu ya faili lilelile, basi. Vijana wa pale walibonyeza F9 mara mia mbili kwa siku, wakaibonyeza hata kwenye ndoto. Wubit alipoondoka miaka miwili iliyopita aliibeba programu ile kwenye flashi, pamoja na mipangilio yake yote, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kununua mpya. Nani katika mji ule hakufanya hivyo?

Asubuhi ya leo alilifungua faili la asili kulikagua kwa mara ya mwisho. Alipomaliza, kidole kikaenda chenyewe. Akafunga kompyuta, akapanda basi, akaja kushtaki.

Aliwaeleza waamuzi hayo yote, neno kwa neno. Ato Tamrat, yaani Bwana Tamrat, mwamuzi mnene aliyekaa upande wa kushoto, alivua miwani.

“Kwa hiyo dada yangu, kidole chako ndicho kilichokuibia?”

Ukumbi ukacheka tena. Wubit akawaonyesha ule mwaka. Akasema picha ni ya Hidar hii, na muhuri ni wa zamani, wa siku alizokuwa akifanya kazi kule. Je, hilo haliwaonyeshi kwamba anasema kweli?

Endale alinyoosha kidole kama mwanafunzi anayejua jibu.

“Waheshimiwa, hilo ndilo nililokuwa naona haya kulisema mwenyewe. Picha niliipiga 2014, binti huyu akiwa kwangu. Alipoondoka aliondoka nayo, na muhuri wangu wa mwaka ule uko juu yake, mnauona. Mimi nimeitoa kabatini mwaka huu, nikaigonga muhuri wa mwaka huu, nikaileta mashindanoni.”

Maji yakazidi unga. Alichokiokota kama silaha kimegeuka mpini mkononi mwa adui. Ato Tamrat alianza kukusanya karatasi zake, na mwamuzi wa pili akatazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano.

Wa tatu, mwenyekiti wao, Weyzero Alganesh, yaani Bibi Alganesh, hakutikisika. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu asiyerudia jambo. Alimwuliza Wubit kama ana neno jingine.

Wubit alikuwa nalo. Tangu asubuhi alikuwa akiliepuka, kwa sababu lilihusu jambo alilolifanya kwa siri na hakuwahi kumwambia mtu.

Baba yake alikuwa mfumaji wa mtaa wa Shiro Meda. Kila shama alilolifuma, aliacha uzi mmoja mahali pasipotakiwa, ndani ya tarizi, ili nguo yake ikiuzwa kwa jina la mwingine aweze kuijua. Wateja hawakuuona. Binti alichukua kamera badala ya kitanda cha kufumia nguo, lakini damu haipotei. Kila picha aliyoithamini aliisaini mara mbili. Saini ya kwanza aliiweka pembeni, kubwa, kwenye nakala ya mteja tu. Ya pili aliiandika kwenye tabaka la peke yake, akaifuatisha mistari ya tarizi, kisha akaipunguza ukolevu mpaka asilimia sita, ikazama kwenye rangi za nguo. Baada ya hapo hata yeye mwenyewe hakuiona.

Aliipeleka picha hii kwenye nyumba ya kuchapisha ikiwa na saini zote mbili. Nyumba hiyo ni ya binamu yake Endale, hilo mlilisoma. Aliyeiiba alikata kipande cha pembeni akagonga muhuri wake, akajiona amemaliza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hawakutia chumvi.

“Sitaki faili langu,” Wubit alisema. “Nifungulieni la kwake. Lile alilowaletea nyinyi, kwenye bahasha.”

Endale akacheka kidogo, akasema hana cha kuficha.

Ato Tamrat akainua kitabu cha kanuni. Alitaka kujua ndani ya picha hiyo kuna nini. Wubit akaeleza. Alipofika kwenye asilimia sita, mwamuzi yule akamkatisha, akasoma kwa sauti kanuni ya tisa: picha yoyote iliyotiwa kitu ndani yake, kiwe kidogo namna gani, inaondolewa mashindanoni. Saini inaruhusiwa pembeni tu.

“Umesikia?” akasema. “Kisipoonekana kitu, wewe ni mwizi. Kikionekana, picha imetoka. Hakuna mlango ambao unatokea na tuzo.”

Wubit alikaa. Tuzo ile ilikuwa picha kutundikwa mwaka mzima katika ukumbi wa jiji, na yeye alikwishamwambia mama yake avae gauni lipi siku ya kuifunua. Na ingetundikwa kweli, akikubali kunyamaza. Ingetundikwa kwa jina la Endale, Etete Zenebech angesokota pamba ukutani, na watoto wa shule wangepita mbele yake wakimtazama.

Endale aliliona hilo. Akainama karibu naye, akanong'ona kama baba.

“Iache iende, mwanangu. Ukiifungua unaiua. Ukiiacha, angalau inaishi. Nami nitawaambia wasikukate kadi.”

Lilikuwa shauri zuri. Ndilo lililomtia uchungu.

“Wubit,” mwenyekiti aliita. “Umeelewa kinachokungoja?”

“Nimeelewa, Weyzero Alganesh.”

“Na unataka tuifungue?”

“Fungueni. Heri isitundikwe popote, lakini ijulikane ni mtoto wa nani.”

Fundi wa projekta akapasua bahasha, akachomeka flashi ya Endale. Etete Zenebech akarudi ukutani, safari hii akiwa na muhuri wa 2016 miguuni. Wubit akaikuza picha mpaka tarizi ikajaa ukuta mzima, mistari na almasi za nyuzi nyekundu na kijani. Akaondoa rangi. Akavuta giza chini na mwanga juu, mpaka ile nguo nyeupe ikawa kama chokaa na nyuzi zikawa kama masizi.

Hakuna kitu.

Akavuta zaidi. Almasi tu, na mistari tu. Saa nane na dakika hamsini na moja. Nyuma mtu alikwishaanza kuvaa koti. Endale alikunja miguu yake, moja juu ya nyingine.

Je, binamu yake Endale aliigundua ile saini? Aliifuta? Au Wubit mwenyewe, siku ile, alilisahau tabaka lile limezimwa? Alijaribu kukumbuka akashindwa. Mtu akiogopa sana hata jina la mama yake humtoka.

Kisha akauangalia ukuta wenyewe. Ukuta wa njano, wenye madoa ya mvua, na jua la alasiri linaingia kwa dirisha lisilo na pazia. Asilimia sita itaonekanaje juu ya ukuta wa namna hiyo?

“Zimeni projekta,” alisema. “Njooni mtazame hapa, kwenye skrini.”

Ato Tamrat alinung'unika kwamba hiki si kituo cha sinema, lakini mwenyekiti alikwishasimama. Wakamzunguka. Weyzero Alganesh alivua shali yake, akaitandaza juu ya kompyuta na vichwa vyao kuzuia jua, kama mama anayemfukiza mtoto mwenye mafua.

Chini ya shali, kwenye skrini, nyuzi zilikuwa zikisema. Kutoka almasi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa herufi nyembamba zilizopinda pale nguo ilipopinda: Wubit Dessalegn, Wubit Dessalegn, Wubit Dessalegn. Mara kumi na moja.

Ato Tamrat alihesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu, akavaa miwani yake vizuri.

Endale alianza kusema kwamba labda binti aliyatia maandishi hayo zamani, alipokuwa akiisafisha picha kwa niaba ya studio. Mwenyekiti akamwuliza kwa nini basi aliigonga muhuri wake picha yenye jina la mtu mwingine ndani ya nguo. Alijibu kwamba hakuliona. Akaulizwa mpiga picha wa miaka thelathini anapigaje picha ambayo hajui ndani yake mna nini. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Endale iliishia hapo.

Saa tisa kasoro dakika mbili Weyzero Alganesh alitamka hukumu. Picha ni ya Wubit Dessalegn. Na kwa kanuni ya tisa, imetoka mashindanoni. Kadi ya Wubit inabaki. Ya Endale itajadiliwa.

Wubit alilia, sitawaficha. Alilia kwa furaha na kwa hasara pamoja, kama mtu aliyemzika mtoto na kumpata mwingine siku hiyohiyo. Wanachama walewale waliomcheka sasa walikuwa wakimpiga mabega, na mama wa kahawa alimletea kikombe bila kuagizwa.

Ingeweza kuishia hapo, na mimi ningepumzika kuandika. Lakini Wubit alitaka kitu kimoja kabla ya kufunga kompyuta. Alitaka kuiona picha yake japo mara moja bila ule muhuri. Hakumwomba mtu ruhusa. Akasogea kwenye pembe ya picha, akachukua kifutio cha programu, na ili asiharibu kizingiti cha Etete Zenebech akaikuza saini ya Endale mara nne, mara nane, mara kumi na sita.

Endale alikuwa na saini ya kifahari, yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina na kuuzunguka mwaka. Watu wa mjini waliuiga mkia ule. Kwa karibu namna hii mkia haukuwa mstari. Ulikuwa herufi, ndogo mno, zimepangwa moja baada ya nyingine kama siafu.

“Hapa kuna mtu mwingine,” Wubit alisema.

“Mtu gani?” aliuliza Ato Tamrat.

Aliusoma mkia polepole, kwa sababu herufi zilikuwa zimefungamana. “Roman. Roman Getahun.”

Kikombe cha Weyzero Alganesh kilianguka, kahawa ikamwagika juu ya kitabu cha kanuni. Hakukiangalia.

“Soma tena.”

“Roman Getahun. Linajirudia mpaka mwisho.”

Mezani, mbele ya kiti cha mwenyekiti, kilisimama kibao cha jina lake kamili. Alganesh Getahun. Katika nchi ile jina la pili ni la baba, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

“Ni mdogo wangu,” alisema. Sauti yake ilikuwa ileile, isiyorudia jambo. “Alikuwa mchoraji wa herufi. Aliondoka nyumbani kwenda kuomba kazi kwenye studio, miaka kumi na miwili sasa, hakurudi. Gashe Endale, mzee wetu, tulikuita nyumbani tukakuuliza. Ulikaa sebuleni kwetu, ukanywa kahawa ya mama yetu vikombe vyote vitatu vya desturi, ukaapa kwa Mikaeli Mtakatifu kwamba msichana huyo hujawahi kumwona.”

Ato Tamrat, ambaye hakupenda mambo yaende haraka, alisema muhuri ni kitu cha kudumu. Pengine msichana aliuchora zamani hizo akaenda zake. Wubit akatikisa kichwa. Akalifungua faili lake, lile lililoharibiwa na F9, akaukuza muhuri wa 2014, akaiweka miwili sambamba. Jina lilikuwa katika yote miwili. Lakini mikia haikufanana. Ule wa zamani uliizunguka nne. Huu mpya uliizunguka sita, na herufi zake zilikuwa zimepangwa upya kwa mkono, zikitetemeka kidogo, mkono wa mtu aliyezeeka au asiyeona vizuri.

“Muhuri unachorwa upya kila Mwaka Mpya,” Wubit alisema. “Alituambia anauchora mwenyewe.”

Mwaka Mpya wa Ethiopia ulikuwa mwezi wa Meskerem. Miezi minne iliyopita.

Alganesh alizunguka meza. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya Endale, karibu kiasi cha kugusana.

“Nani alikuchorea huu, Meskerem hii?”

Endale alitazama mlango, wanachama wawili walikuwa wamesimama hapo. Akatazama dirisha. Mwisho akamtazama Wubit, na upole wake ukarudi usoni.

“Unaniuliza mimi?” alisema. “Mwulize huyo. Miaka minne ni yeye aliyekuwa akimpandishia chakula.”

Macho ya ukumbi mzima yakamgeukia Wubit. Alifungua mdomo aseme kwamba chakula kile kilikuwa cha shangazi mgonjwa wa Gashe Endale, ghorofa ya tatu juu ya studio, ndivyo alivyoambiwa siku ya kwanza ya kazi. Saa sita kamili anapanda na sinia la injera, analiweka juu ya kigoda, anagonga mara mbili, anashuka, na asisubiri. Alikuwa na miaka ishirini, naye alifanya kama alivyoambiwa. Sinia lilirudi safi kila siku.

Ila siku moja, mwaka wa pili, chini ya kikombe palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ndogo kama ukucha. Wubit hakuifungua. Aliishusha chini akamkabidhi Endale mkononi, kama msichana mwenye adabu.